Malimbikizo ya matunzo na kalenda ya ziwa

Mahakama iliamuru baba wa watoto wangu wawili alipe shilingi 150,000 kila mwisho wa mwezi, na kwa muda mrefu alilipa bila kusukumwa. Mambo yaliharibika mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Yeye ana mtumbwi wa dagaa hapa Kigoma na hana kazi nyingine, kwa hiyo sikushangaa fedha za Juni zilipokosekana. Kilichonisumbua ni kwamba ziwa lilifunguliwa, dagaa wakaanza tena kuanikwa Kibirizi, na deni likazidi kukua hadi likafika laki saba na nusu.

Aliyekuja kuzungumza nami kwanza ni wifi yangu. “Wifi, yaliyopita si tuyaache? Aanze upya mwezi huu.” Nikamjibu kwa heshima kwamba deni lile ni la watoto, mimi sina mamlaka ya kulisamehe. Wapo wengi wanaoamini kwamba mwezi usiolipwa ukishapita umepita. Sivyo. Kila mwezi usiolipwa huingia kwenye malimbikizo, na mzazi aliyeishiwa uwezo anayo njia yake, nayo ni kurudi mahakamani kuomba kiwango kipunguzwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama izingatie kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu yao kwa watoto wengine, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Kufungwa kwa ziwa, kwa maoni yangu, ni hoja nzito mbele ya hakimu yeyote. Kuzima simu si hoja. (Wapo pia wazee wanaoniambia nishukuru hata kidogo, kwa kuwa wanaikumbuka sheria ya zamani iliyoweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Sheria hiyo ilifutwa na hii ya 2009.)

Kabla ya kwenda popote nilitengeneza hesabu. Katika daftari la kawaida la shule nilichora safu nne: mwezi, kilichotakiwa, kilicholipwa na kilicholetwa, kisha nikaambatanisha taarifa ya miamala ya simu. Safu ya nne ndiyo iliyozua ubishi. Baba wa watoto si mtu wa kuja mikono mitupu. Alileta migebuka, dumu la mawese, na mwezi Januari sare ya mtoto mkubwa, na kwa hesabu yake vyote hivyo vilikuwa malipo. Nilivipokea, watoto wakala, nikaviandika pamoja na tarehe zake, lakini samaki na mawese sikuvikata kwenye deni, kwa sababu amri ilitaja fedha na mgebuka haulipi nauli wala mchango wa chakula cha shuleni. Sare niliikata, kwa kuwa ningelazimika kuinunua mwenyewe, na nadhani hapo ndipo alipoanza kuiamini hesabu yangu.

Afisa ustawi wa jamii alitueleza kwamba njia ni mbili: kuandikiana makubaliano ya kulipa kwa awamu na kuyapeleka mahakamani, au mimi kuomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa. Kwa mwajiriwa, kukazia hukumu kunaweza kumaanisha kukatwa mshahara. Kwa mvuvi kunaweza kumaanisha kukamatwa kwa mtumbwi, injini au nyavu, na hapo nilisita, kwa sababu injini ikipigwa mnada malimbikizo yatalipwa mara moja lakini fedha za miezi inayofuata hazitakuwa na pa kutokea. Majirani walitaka niende kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ili ashtakiwe. Ni kweli kwamba kumnyima mtoto matunzo ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi milioni tano au kifungo kisichozidi miezi sita, lakini mtu aliye ndani havui. Ushauri wa kumzuia asiwaone watoto niliukataa papo hapo, kwa kuwa haki ya mtoto kumwona baba yake haikuwekwa rehani kwa deni.

Kilichotusaidia hasa ni kuitazama kalenda ya kazi yake. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika, na mapato hugawanywa giza likiisha, baada ya kutoa gharama za mafuta na ujira wa wavuvi. Mwisho wa mwezi uliotajwa na mahakama mara nyingi ulimkuta ameshazitumia fedha, au hajazipata bado. Kwa hiyo tukakubaliana kwamba atalipa kila giza linapoisha, shilingi 150,000 za kawaida na 75,000 za kupunguza malimbikizo, na ziwa likifungwa tena atatoa taarifa kwa maandishi kabla ya siku ya kufungwa. Tulisaini mbele ya afisa, shahidi wa baba wa watoto akiwa wifi yuleyule, na nakala ikapelekwa mahakamani.

Mpaka sasa zimebaki laki tatu. Kuna giza moja alilopunguza shilingi elfu arobaini, akazimalizia siku chache baadaye bila kukumbushwa. Makubaliano yanasema kwamba akiruka magiza mawili mfululizo nitarudi kwa karani kuomba kukazia hukumu, na hilo analijua, kwa sababu kifungu hicho alikiandika kwa mkono wake.