Nyamasaria: Mto Unaokuja Bila Mvua

Makanga alinigonga bega nikiwa nashuka: "Mto umeupita, boss. Uko nyuma." Kweli, nilikuwa nimeuvuka bila kuuona. Ukitoka Kisumu mjini kwa barabara ya Nairobi, daraja linapita upesi, mara uko katikati ya bodaboda, wachoma mahindi na malori.

Nikarudi kwa miguu, nikateremka ukingoni. Vijana walikuwa wakiosha pikipiki, magurudumu ndani ya maji. Hatua chache juu yao akina mama wanafua, na juu zaidi mvulana anajaza mitungi ya njano ya mkokoteni. Kila mtu anajua nafasi yake kwenye mkondo, bila kibao wala askari. Sikuuliza ile mitungi inapelekwa wapi. Nilijiambia ni maji ya mjengo.

Huko juu mto huu unaitwa Kibos, jina moja na stesheni iliyo kwenye reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Pale Kajulu wanauchota na kuusafisha, maji yake yaingie kwenye mabomba ya mjini. Hapa chini unachotwa kwa ndoo.

Nilimsalimu mama mmoja aliyekuwa akikamua shuka, nikasifu jua. Akacheka.

"Nyathina, mwanangu, hapa hatuangalii mbingu yetu. Tunaangalia kule."

Akaelekeza mdomo kwenye miinuko ya Nandi, iliyovikwa wingu jeusi. Mvua ikipiga kule, maji hushuka huku tambarare ya Kano hata kama vumbi la mlangoni pako halijalowa. Na udongo wa huku, ule mweusi unaong'ang'ania viatu, ukishashiba haunywi tena.

Alinionyesha kwake, nyumba ya mabati nyuma ya migomba. Ukutani kulikuwa na mistari miwili ya matope. Wa juu, alisema, ni wa 2020. Ulinifika kiunoni. Kitanda kimesimama juu ya matofali, gunia la mahindi limening'inizwa kwenye boriti.

"Mbona msihame, mama?"

"Twende wapi? Nauza soko la Kibuye, steji iko hapo, kodi naiweza."

Tuliporudi mtoni maji yalikuwa yamegeuka kahawia, yamebeba vijiti na mabua. Vijana walikwisha pandisha pikipiki ukingoni. Juu yetu jua liliwaka vilevile. Mama hakusema kitu. Alikusanya shuka zake kutoka kwenye majani, zikiwa bado zinachuruzika, akazitia kwenye karai.