Jamaa wa waya hakuwa mzito

Kwenye laini yetu ya kuunganisha feni za mezani kulikuwa na jamaa mmoja anafokewa karibu kila shifti. Alikuwa stesheni ya tatu, anaunga waya za mota na swichi halafu anafunga mfuniko wa nyuma kwa skrubu, na feni zilikuwa zinarundikana kwake mpaka nyingine zinawekwa chini. Supavaiza anafoka, sisi wengine tunanung'unika, wote tuliamini jamaa ni mzito, hata mimi niliamini, na inaniuma mpaka leo maana hakuna aliyewahi kusimama pale na saa akapima.

Nilipopewa kazi ya kupima ndo nikaelewa. Nilipima kila stesheni mizunguko 20, yaani tangu mtu anashika feni moja mpaka anashika inayofuata, nikachukua wastani, sio ule mzunguko mmoja mzuri, kwa sababu mtu akiona saa anakimbia kidogo halafu anarudi kwenye mwendo wake. Ya kwanza sekunde 42, ya pili 55, ya tatu 78, ya nne 38, ya tano 47.

Sasa oda ilikuwa feni 420 kwa shifti. Shifti ni masaa 8, toa saa moja ya chakula na mapumziko, zinabaki sekunde 25,200, gawanya kwa 420 unapata sekunde 60 kwa kila feni. Hiyo 60 ndo takti, neno limetoka kwa Wajerumani, lina maana ya mapigo kama yale ya muziki. Watu wengi wanachanganya takti na muda wa mzunguko na hapo ndo hesabu nyingi zinaharibika: takti inatoka kwa mteja, anataka ngapi na una muda kiasi gani, ila mzunguko unatoka kwenye mikono na vifaa vyenu.

Angalia tena hiyo 78. Laini nzima inaenda kwa mwendo wa stesheni yenye kazi nyingi kuliko zote, kwa hiyo 25,200 gawanya kwa 78 ni feni 323 basi, hapo bado mashine haijasimama hata mara moja, na yule wa kwanza akiongeza spidi anachoongeza ni mrundikano tu. Ukijumlisha kazi yote ni sekunde 260. Gawanya kwa 60 unapata 4.33, maana yake watu watano tuliokuwa nao walikuwa wanatosha. Lakini watu watano mara sekunde 78 ni 390, kazi yenyewe 260, theluthi nzima ya muda wetu ilikuwa inaishia kwenye kusubiri, na aliyekuwa hasubiri hata kidogo ni yuleyule tunayemwita mzito!

Tulichofanya ni kuhamisha kazi. Sio kila kazi inahamishika, huwezi kufunga mfuniko kabla waya hazijaungwa, ila kufunga kunaweza kufanywa na anayefuata, na kule kufunga kulikuwa kunakula sekunde 20. Tukampa wa nne, yule wa 38, wote wawili wakawa 58. Kwenye karatasi laini ikapanda hadi feni 434 kwa shifti, bila kuajiri mtu na bila kumfokea mtu.

Ila 58 kwenye 60 ni kubana sana, skrubu moja ikidondoka umepitwa. Ndo maana bisibisi ya wa nne, iliyokuwa inalala kwenye boksi nyuma yake, tukaining'iniza juu ya meza kwa springi asigeuke tena. Hii sio akili mpya. Ford, wale wa magari, walipoanza kuunganisha magneto, kifaa kinachotoa umeme wa cheche za injini, kwenye laini mwaka 1913, kazi ya dakika 20 ilishuka hadi dakika 13 na sekunde 10, halafu wakainua laini kwa inchi 8 tu ili watu wasiiname, ikashuka hadi dakika 7. Inchi 8!

Jamaa bado yuko stesheni ya tatu. Nilimfuata nikamwonyesha ile karatasi ya vipimo, nikamwomba msamaha, akaiangalia muda mrefu halafu akaniuliza kama waya zingekuja zimeshakatwa kwa urefu wake ingepungua sekunde ngapi. Kesho asubuhi tunapima hilo.