Mlima Unaoanza kwa Kushuka

Shemeji yangu ni mtu wa Tanga mjini, na kwake mlima ni kitu cha kutazamwa kwa mbali huku mtu unakunywa chai. Mimi nimezaliwa Lushoto. Tulipotua Palma, mji mkuu wa kisiwa cha Mallorca huko Hispania, mwezi wa Aprili tukitokea Hamburg, tunakoishi wote wawili, yeye alikuwa amefuata jua na mimi nimefuata milima, niipande kwa baiskeli. Wajerumani waliojaa ndege nzima walikuwa wamefuata vyote viwili, na bia juu yake.

Wengi wanaijua Mallorca kwa fukwe tu. Kumbe upande wake wa kaskazini-magharibi umezibwa na safu ya milima, Serra de Tramuntana, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2011. Kilele kirefu kuliko vyote, Puig Major, hakifiki hata mita 1,500. Mtu wa Usambara akisikia hivyo anacheka. Nami nilicheka. Nilichosahau ni kwamba barabara za huku zinaanzia baharini kabisa, na kila moja ina "coll" yake ya kuvuka, yaani ule mlegezo kati ya vilele viwili ambapo mlima umekubali mtu apite.

Tulifikia Sóller, mji uliokaa kama ndani ya bakuli, milima pande zote na michungwa hadi milangoni mwa watu. Siku ya kwanza tulipasha miguu moto kwa Coll de Sóller, karibu mita 500 juu ya bahari. Zamani hiyo ndiyo ilikuwa barabara ya kwenda Palma. Mwaka 1997 handaki likafunguliwa, magari yakahamia chini, na kwa kuwa baiskeli haziruhusiwi mle ndani, barabara ya juu tukaachiwa sisi. Kona juu ya kona, na gari moja moja. Shemeji alisimama kila kona "kupiga picha". Nilinyamaza, maana picha nyingine nilizipiga mimi.

Nilichokipenda zaidi siku ile si kilele, ni mashamba. Miteremko yote imekatwa ngazi, na kila ngazi imezuiwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila tone la saruji. Juu yake kuna mizaituni iliyozeeka hadi mashina yamejisokota kama kamba iliyokamuliwa. Waislamu walikitawala kisiwa hiki zaidi ya miaka mia tatu, mpaka mfalme Jaume wa Kwanza wa Aragon alipokuja kukiteka mwaka 1229, na alama zao bado zipo midomoni mwa watu. Kijiji cha jirani kinaitwa Biniaraix, na hiyo "bini" ya mwanzo ni jamaa ya "bin" yetu. Muuza duka aliponiambia "aceituna" huku akinionyesha bakuli, sikuhitaji mkalimani. Zaituni ni zaituni.

Siku ya pili tukaondoka saa moja asubuhi. Kutoka Sóller hadi karibu na Puig Major ni kilomita 14 za kupanda tu, hakuna hata mahali pa kupumzisha pedali. Mbuzi walitutazama kutoka kwenye majabali kama wazee wa baraza. Kilele chenyewe hukifikii, kimekaliwa na jeshi, na mpira mweupe wa rada unaonekana kutoka mbali. Unachofikia ni handaki, mita 850 na ushee juu ya bahari, giza na baridi, na ukitokea upande wa pili unakutana na mabwawa mawili, Cúber na Gorg Blau, maji yametulia kana kwamba hakuna aliyeteseka kuyafikia.

Tukaacha barabara kuu kwenye mfereji wa zamani wa mawe, tukapanda kidogo hadi Coll dels Reis, mita 682. Hapo chini yetu ndipo ilipo Sa Calobra.

Nieleze vizuri, maana ndiyo iliyotuleta. Barabara ile ilijengwa mwaka 1932 na mhandisi Antonio Parietti, na haiendi popote. Inateremka hadi ufukweni, inaishia hapo. Badala ya kuutoboa mlima, Parietti aliizungusha barabara kila mahali mlima ulipomkatalia, mpaka juu kabisa akaipitisha chini ya daraja lake yenyewe, kona ya nyuzi 270. Wenyeji wanaiita fundo la tai, ile ya shingoni. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, hapa wameigeuza. Unashuka kwanza, kilomita 9 na nusu hivi, ukicheka na upepo, halafu unaanza kulipa.

Nusu ya kucheka kwangu ilikatwa na basi la watalii. Nililikuta kwenye kona inayopita kati ya majabali mawili, limejaza barabara yote. Nilibana breki hadi vidole vikafa ganzi, nikajibandika ukutani kama mjusi. Dereva akanipungia mkono kwa upole, kama mtu anayeona mambo hayo kila siku.

Chini kuna ghuba ndogo na maji ya kijani, na ukipita kwa miguu kwenye kichochoro kilichochongwa mwambani unatokea mdomo wa korongo la Torrent de Pareis, kuta za mawe huku na huku na bahari katikati. Shemeji hakutazama korongo. Alikuwa anatazama gati.

"Shemeji, lile boti linakwenda Port de Sóller. Na baiskeli wanapakia."

"Tumekuja kupanda, shemeji."

"Umekuja wewe. Na wewe mwenyewe si uliniambia Mombo ulikuwa unapakia Fuso?"

Alinishika pabaya. Kwetu safari nayo huanza kwa kushuka, kutoka Lushoto hadi Mombo, kilomita thelathini na ushee za kona. Nikiwa kijana niliishuka mara nyingi na Phoenix ya baba, tenga la mapeasi nyuma. Kurudi, nilipakia baiskeli kwenye lori kama kila mtu. Mwana wa milima mzima, mlima wetu sijawahi kuupanda kwa miguu yangu.

Akapanda boti. Nikapanda mlima.

Kilomita tatu za mwanzo nilijisifu. Ya nne, msuli wa paja ukakaza, nikashuka na kujinyoosha kando ya barabara, binti mmoja akanipita akiimba. Kuimba! Waendesha baiskeli wa kulipwa wanaimaliza chini ya nusu saa. Mimi saa moja na dakika kumi, gia nyepesi kuliko zote, nikihesabu nguzo za kando. Ubaya wa Sa Calobra ni kwamba barabara yote iliyobaki unaiona juu yako, imelala kama utambi uliodondoka. Nilipopita chini ya lile daraja na kuzunguka hadi juu yake, sikupiga picha.

Bado nilikuwa na Gorg Blau na kupanda tena hadi handakini, na hayo nayakumbuka kidogo sana. Mteremko wa Sóller naukumbuka: jua linazama, na harufu ya maua ya michungwa ikinipokea kabla sijaziona taa za mji.

Shemeji alikuwa barazani, ameoga, ananimenyea chungwa.

"Pole, shemeji."

"Nishapoa."

Akanipa nusu ya chungwa, akangoja nimalize.

"Sasa imebaki Mombo."