Paipu ya fundi ilivyonisaidia kuiamini saa ya kupimia vilima

Ushauri unaonikera kuliko wote kuhusu saa za mazoezi ni huu: "Kila asubuhi weka kimo sahihi kwenye saa, na jumla ya kupanda itatoka sawa." Haitoki. Kuiambia saa kwamba Nakuru mjini ni kama mita 1,850 kunarekebisha namba ya kimo tu. Jumla ya kupanda ni hesabu ya tofauti, kimo cha sasa ukitoa cha kabla yake, na kosa la mwanzo likiwa pande zote mbili linajifuta. Saa inayodhani Nakuru iko mita 1,700 itakupa kilima cha mita 60 kama vile ambavyo ingekupa ikijua ukweli. Kinachoharibu hesabu ni mambo mengine, na nimeyashughulikia moja baada ya jingine mpaka sasa naziamini namba zangu za Menengai, kreta iliyo juu ya Nakuru, za Riat juu ya Kisumu, na hata za barabara tambarare ya Ahero.

Saa lazima iwe na baromita, yaani kipimo cha shinikizo la hewa, ambalo hupungua kadiri unavyopanda. GPS peke yake hukosea kimo mara mbili au tatu zaidi ya inavyokosea mahali ulipo, kwa sababu setilaiti zote ziko juu yako na hakuna hata moja chini ya ardhi ya kusawazisha hesabu. Kwenye uwanda wa Kano, mahali ambapo maji ya mvua hayajui yaelekee wapi, saa ya GPS tupu inaweza kukuandikia makumi ya mita za kupanda. Forerunner 55 na 245 za Garmin hazina baromita; 165, 255 na 265 zinayo. COROS Pace 2 na Pace 3 zinayo. Apple Watch zinayo tangu Series 3. Fitbit waliiweka kwenye Charge 4 wakaiondoa kwenye Charge 5, kwa hiyo usidhani toleo jipya ndilo bora. Ukinunua saa iliyotumika, usibishane na muuzaji. Zima GPS, panda ngazi za ghorofa tatu. Kimo kikiongezeka kama mita 9, baromita ipo na ni nzima.

Baromita hupumua kupitia vitundu vidogo kwenye ubavu au mgongo wa saa. Vumbi la Nakuru ni laini, la majivu ya volkano, na likichanganyika na jasho hukauka kama simenti. Dalili yake ni kimo kubaki palepale dakika kadhaa ukiwa unapanda, kisha kuruka ghafla. Mimi huiloweka saa kwenye maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo kwa nusu saa hivi, nikaisuuza kwa maji ya bomba yanayotiririka taratibu, nikaiacha ikauke usiku kucha. Usichokoe kwa sindano wala kupuliza kwa pampu ya upepo ya gereji. Ndani kuna utando mwembamba, na ukitoboka saa imekwisha. Mvua ikikukuta njiani, pangusa saa, kwa maana tone likiziba tundu saa huona mlima usiokuwepo. Mkono wa jaketi unaobana juu ya saa huleta shida hiyohiyo.

Sasa paipu. Nilitaka kilima ambacho kimo chake nakijua kwa hakika, si kwa kuambiwa na ramani. Mafundi wa ujenzi wamekuwa nacho kifaa hicho miaka yote: paipu ya plastiki inayoonyesha ndani, ile ya kupimia leveli ya msingi. Ya mita 15 haikuli pesa nyingi, na fundi wa jirani anaweza kukuazima bure. Nilichagua mteremko mfupi unaopanda kuelekea Menengai, wenye kupanda tu bila mabonde katikati. Paipu unaijaza kwa kuyavuta maji kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa, si kwa kumimina kwa kikombe, kwa sababu kumimina huingiza mapovu na povu moja linaweza kukudanganya sentimita kadhaa. Tia majani kidogo ya chai ili maji yaonekane. Mtu wa juu anaushika mwisho wa paipu usawa wa ardhi. Wa chini anaushikilia mwisho wa pili kwenye mti wa mita mbili uliofungwa tepu ya kupimia. Ncha zote mbili ziwe wazi; ukisahau kidole kwenye ncha moja, maji hayaendi usawa hata ungoje mpaka jioni. Wa juu akishaona maji yametulia kwenye ardhi yake, wa chini anasoma tepu: mita 1.12, kwa mfano. Hiyo ndiyo tofauti ya kimo kati yenu. Piga kigingi, sogea juu, rudia. Kwa mteremko wa asilimia 10, vipimo kumi na vitano hivi vinakufikisha mita 15 za kupanda, na kosa lote ni sentimita chache. Hakuna saa duniani inayokaribia hapo.

Kilima kisipungue mita 15, nitaeleza sababu hapo mbele. Ukikipanda na kukishuka mara 20 umepanda mita 300 kamili. Hapo ndipo raha ilipo: saa nzuri, safi, yenye baromita nzima, itaonyesha kama 280. Wengi wakiona hivyo wanaitupia lawama saa. Sababu ni joto. Saa nyingi hugeuza shinikizo la hewa kuwa mita kwa kanuni ya hewa ya wastani, ambayo kwa kimo cha Nakuru inadhani joto ni nyuzi 3 tu. Mchana kwetu ni nyuzi 24 au 25. Hewa ya joto ni nyepesi, kwa hiyo shinikizo lilelile linapungua kwa umbali mrefu zaidi wa kupanda, na saa inapunja. Kila nyuzi 3 za ziada ni kama asilimia 1. Nakuru mchana naongeza asilimia 7, alfajiri kukiwa na baridi naongeza 4 tu. Kisumu, ambako kanuni inatarajia nyuzi 7 au 8 na mchana unafika 30, naongeza asilimia 8.

Halafu kuna wakati wa siku. Karibu na ikweta shinikizo la hewa hupanda na kushuka lenyewe kila siku: kilele karibu saa nne asubuhi, chini kabisa karibu saa kumi jioni, na tofauti ya hektopaskali (kizio cha shinikizo) 3 hivi. Nakuru hektopaskali moja ni kama mita 10, kwa hiyo mtu akilala kitandani kutoka saa nne hadi saa kumi saa yake inaweza kumpandisha mita 30. Mvua kubwa ya alasiri ya Kisumu na Kakamega hufanya kinyume: hewa baridi ikitangulia, shinikizo linaruka juu na saa inaamini umeshuka. Dawa yangu ni kumalizia nilipoanzia. Saa ikisema nimepanda 410 na kushuka 380, zile 30 ni za hewa. Nachukua katikati, 395, kisha naongeza asilimia za joto, inakuwa kama 420.

Kile kitufe cha programu ya mazoezi cha kusahihisha mwinuko kwa ramani mimi sikigusi nikiwa na baromita, hasa ukingoni mwa Menengai. Ramani nyingi za kimo zimejengwa juu ya vipimo vya rada vya chombo cha anga cha Marekani cha mwaka 2000, na kila kipimo kinabeba mraba wa mita 30. GPS ikikosea mita chache kuelekea ndani, ramani inakuangusha kwenye ukuta wa kreta na kukupandisha tena, ilhali miguu yako haikutoka kwenye njia. Kwenye tambarare, kwa mwenye saa isiyo na baromita, kitufe hicho kinasaidia sana.

Kuhusu zile mita 15: ili mtikisiko wa vipimo usihesabiwe kama vilima, Strava, programu ya kurekodi mazoezi, huhesabu mwinuko ukizidi mita 2 mfululizo kwa data nzuri ya baromita, au mita 10 kwa data isiyo na baromita. Vilima kumi na vitano vya mita 6 kila kimoja, kama vile vya kutoka Kiboswa kwenda Kakamega, ni mita 90 kwa mwenye baromita na sifuri kwa mwenzake asiye nayo waliyekimbia naye bega kwa bega. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha namba na mtu, mwulize kwanza saa yake ni ya aina gani na kama anasoma kwenye saa au kwenye simu.