Slagi iliyoukubali mtutu wangu wenye mifereji

Kuna ushauri unaonikera kila nikiusikia: "Mtutu wako una mifereji, nunua slagi yenye mifereji." Wanaousema ni watu walioshika bunduki ya marisau miaka mingi, ndiyo maana unaaminika. Slagi ni risasi moja nzito inayopigwa kwa bunduki hiyo badala ya marisau mengi, na mifereji ya mtutu ni ile iliyochongwa kwa kuzunguka ndani yake ili kuizungusha risasi. Slagi ya kawaida, ile aina ya Foster, kweli ina michirizi ya mshazari ubavuni. Lakini michirizi hiyo kazi yake ni kuiwezesha slagi kubonyea ipite salama kwenye mdomo wa mtutu uliobanwa. Kunyooka kwake kunatokana na umbo: nyuma ina shimo, uzito uko puani. Imeundwa kwa mtutu laini, usio na mifereji.

Nilizipiga hizo za Foster kwa mtutu wangu kwenye shabaha ya mita 50. Tundu la kwanza lilikaa karibu na alama, lililofuata likapanda kiganja kizima, jingine likagusa ukingo wa karatasi, na kadiri nilivyoendelea ndivyo yalivyozidi kutawanyika. Nikamulika tochi mtutuni. Madini laini ya risasi yalikuwa yamejipaka kwenye mifereji, utando wa kijivu unaong'aa, mzito zaidi karibu na chemba, sehemu ya nyuma ya mtutu inakokaa katriji. Jioni yote ikaishia kwenye brashi ya shaba: nasugua, navuta kitambaa, kinatoka cheusi, nasugua tena.

Mtutu wa namna hii unataka saboti. Ndani ya ganda kuna risasi nyembamba kuliko mtutu, imevikwa plastiki. Plastiki ndiyo inayoshika mifereji na kuizungusha risasi, halafu vikishatoka nje inabanduka. Bei yake ni mara kadhaa ya slagi za kawaida, inauma, lakini ndizo zinazofika mita 100 na zaidi zikiwa bado zinapiga karibu karibu.

Sasa, saboti ipi? Hapo usimsikilize mtu, usikilize mtutu. Mmoja huzungusha risasi mara moja kila inchi 28, mwingine kila inchi 35, na aina inayong'ara kwa mwenzako inaweza kutapanya kwako. Nilinunua boksi mojamoja la aina tofauti, nikaegemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, nikapiga tatu tatu, kila aina na karatasi yake. Kati ya aina na aina nilisafisha mtutu na kuuacha upoe hadi ushikike kwa mkono. Ukiwa wa moto unakudanganya. Ile yenye kasi kubwa kuliko zote, iliyosifiwa sana, ilishindwa. Iliyoshinda ilikuwa ya mwendo wa wastani, matundu matatu yakigusana, na bega langu liliifurahia pia!

Soma pia urefu wa chemba ulioandikwa kwenye mtutu. Katriji ya milimita 76 inaweza kuingia bila shida kwenye chemba ya 70, maana mdomo wake umekunjwa. Ukipiga, mkunjo unakosa nafasi ya kufunguka na shinikizo linapanda vibaya. Usijaribu kabisa.

Nilipopata aina yangu nilirudi kununua maboksi ya kutosha yenye namba ileile ya toleo la kiwandani, kisha nikarekebisha darubini ya kulengea upya kwa hizo hizo.