Chozi langu na mate ya mbu
Juzi yule mwanangu mdogo wa maswali aliniuliza nikiwa namchomekea chandarua: "Mama, mbu akibeba malaria mdomoni, mbona yeye haumwi?" Nikamwambia alale. Yeye akalala. Mimi nikabaki macho, nimerudi maabara, enzi za Mzee aliyetufundisha.

Wakati ule tulikuwa tunajifunza kutoa tezi za mate za mbu. Unampoza jike kwenye barafu mpaka azimie, unamtoa miguu na mabawa, unamlaza ndani ya tone la maji ya chumvi chini ya hadubini. Sindano moja inamkandamiza kifua, ya pili inavuta kichwa taratibu. Ukiwa na subira, tezi zinatoka zimefuatana na kichwa: jozi moja, kila tezi ina ncha tatu kama vidole vya kioo. Ukiwa na pupa unabaki na kichwa kitupu.

"Binti, usimvute kana kwamba una kesi naye," Mzee aliniambia.

Kesi nilikuwa nayo. Malaria ilishanilaza kitandani mara nyingi, na hawa wa maabara, waliozaliwa kwenye vizimba na hawana ugonjwa wowote, nilikuwa nawahesabu kuwa ndugu wa washtakiwa.

Tulipopata tezi za kutosha tukazisaga. Mzee akaleta sahani ya agari, ule utelezi mgumu wa kuoteshea vijidudu, iliyojaa bakteria wa Micrococcus, imefifia kama kioo chenye mvuke, akatoboa matundu manne. La kwanza akatia maji ya chumvi matupu. La pili, ute mweupe wa yai. La tatu, tezi zetu. Kisha akatugeukia: "La nne nataka machozi. Nani analo?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekodolea hadubini tangu asubuhi, macho yananichonyota, kwa hiyo chozi halikuwa la kutafuta. Akalinyonya kwa bomba jembamba shavuni kwangu, bila hata kunipa pole.

Kesho yake aliinua sahani kuelekea dirishani. Bado naiona. Kwenye maji ya chumvi, hakuna kitu. Ukungu umebaki vilevile. Kuzunguka ute wa yai, duara pana lililo safi kabisa. Kuzunguka chozi langu, duara. Na kuzunguka mate ya mbu, duara pia, dogo kuliko langu, lakini limekatika vizuri, mwanga unapita. Ndani yake bakteria walikuwa wamepasuka. Niliisogelea nikaangalia kwa jicho moja, kisha kwa jingine, kana kwamba jicho la pili lingenipa habari tofauti. Nilitaka lile duara lisiwepo. Sijui hasa kwa nini.

Mzee akaeleza huku akitafuta miwani yake iliyokuwa kichwani. Kinachofanya kazi hapo ni lisozaimu, kimeng'enya ambacho Alexander Fleming alikieleza mwaka 1922, baada ya kukikuta kwenye kamasi, miaka kadhaa kabla ya penisilini. Hukata minyororo ya sukari inayoshikilia ukuta wa bakteria. Mbu, dume na jike, hunywa maji matamu ya maua, na maji hayo huja na bakteria. Sukari hiyo huwekwa kwenye kifuko cha akiba. Mate humezwa pamoja nayo, na inadhaniwa ndiyo yanayozuia isichache humo. Kwa hiyo dawa ile si yetu. Sisi tunapakwa tu wakati jike anapotuuma, pamoja na vimeng'enya vingine vya kuzuia damu isizibe haraka.

"Sasa Mzee, kama mate yake yana dawa, vimelea vya malaria vinakaaje humohumo kwenye tezi?"

"Havina ukuta huo. Wembe umenolewa, lakini hakuna cha kukata. Na virusi vya dengi ni hivyohivyo."

Nilijibiwa, na jibu lilikuwa sahihi. Ila nilitoka pale nikiwa na aina fulani ya heshima niliyokuwa sijaiomba. Kuchukia kiumbe ambaye mate yake yanafanya kazi ileile ya machozi yako kunahitaji bidii zaidi.

Jioni yake mmoja alitua mkononi mwangu. Nilisita, nakubali. Si kwa muda wa kumtosha kuruka.