Seva ya barua pepe ya ofisi yetu: nilivyochagua mashine na programu

Ofisi yetu ya uhasibu hapa Ngara ina watu 12, na barua za wateja zimebeba taarifa za kodi na mishahara ya watu. Nilipopewa ruhusa ya kusimika seva yetu wenyewe, nilianzia kwenye laini ya intaneti. Laini ikifungwa poti 25, yaani mlango ambao seva hupitishiana barua, au wateja wengi wakigawana anwani moja ya IP, seva haiwezi kupeleka na kupokea barua moja kwa moja ipasavyo. Nikachukua kifurushi cha biashara chenye anwani ya kudumu, kisha nikamwomba mtoa huduma aweke rekodi ya PTR, ili anwani ile ikiulizwa itaje jina la seva yetu. Aliyekuuzia jina la kikoa hawezi kukuwekea rekodi hiyo. Ni kazi ya mwenye anwani. Tangu Februari 2024 Gmail inadai rekodi hiyo ya PTR kwa wote wanaotuma kwenye akaunti zake, pamoja na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa) au DKIM (saini ya kidijitali inayotiwa kwenye barua).

Hapo ndipo nikashuka Luthuli Avenue. Muuzaji alinisogezea seva ya raki ya mtumba, akaiwasha, feni zikavuma duka zima.

"Madam, hii ndiyo seva. Hako kadogo ni ka sekretari."

Nilitaka hako kadogo: ThinkCentre M720q, kompyuta ndogo ya mezani ya Lenovo, adapta ya wati 65. Nilimwomba anifungulie kifuniko, maana nilitaka kuona kwa macho nafasi mbili za diski: ya M.2 na ya inchi 2.5. Ndani nikaweka SSD mbili za ukubwa sawa, nikaziunganisha kwa mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski, ziandike kitu kilekile. Moja ikifa, kazi inaendelea. Nikaongeza RAM ikafika GB 16. Pesa ambazo zingeishia kwenye ile ya raki zilinunua UPS, betri ya akiba ya kushikilia mashine stima ikipotea, na kwa mashine inayokula umeme kidogo hivi, UPS ya kawaida inastahimili kwa muda.

Programu niliyoiamini bila kusita ni Postfix, inayopokea na kupeleka barua. Haimjibu mtumaji kwamba barua imepokelewa mpaka iwe imeiandika kwenye diski, kwa hiyo stima ikikatika katikati, mtumaji anajua bado ana deni, naye atajaribu tena. Kwa Nairobi hilo lina uzito kuliko urembo wowote wa kurasa za kusimamia seva. Dovecot inahifadhi barua na kuwafungulia watumiaji, Rspamd inachuja barua taka na kutia saini ya DKIM. ClamAV, programu ya kusaka virusi, niliiacha nje. Peke yake inameza zaidi ya GB moja ya RAM, nami nilipendelea kukataa kabisa viambatisho vya aina ya .exe, yaani programu za Windows.

Mfumo wa uendeshaji niliosimika ni Debian 12, toleo la Linux. Debian 13 ina Dovecot 2.4, na faili za mipangilio za 2.3 hazikubaliki humo, basi nitahamia kwa utaratibu wangu. Chelezo, yaani nakala ya akiba ya barua, inatoka kila usiku kwenda kwenye mashine iliyo jengo lingine, na kila mwezi narudisha sanduku la mtu mmoja na kulifungua, nione barua zinasomeka.